Bunduki Nyuma ya Magunia ya Unga

CHAMA CHA WAWINDAJI NA WALENGA SHABAHA
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI YA UTENDAJI

Siku: Jumamosi, kuanzia saa nane mchana
Mahali: Chumba cha mikutano cha chama, kando ya uwanja wa shabaha

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti (mkandarasi wa majengo)
2. Mweka Hazina (mwenye kituo cha mafuta)
3. Mwanasheria wa Chama
4. Mtunza Ghala la Silaha (askari magereza mstaafu)
5. Mjumbe (mwokaji, mwenye duka la mikate)
6. Mjumbe (daktari wa mifugo)
7. Katibu (mwalimu mkuu wa shule ya msingi), mwandishi wa kumbukumbu hizi, ambaye kwa mujibu wa katiba hana kura

ASIYEHUDHURIA
Makamu Mwenyekiti, kwa taarifa. Anaumwa jino. Ni jino lilelile lililomzuia kuhudhuria kikao cha uchaguzi, na kile cha kugawana kazi ya kuezeka paa.

KUMB. NA. 1/DHARURA: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilichelewa kuanza kwa sababu Mwenyekiti alikuwa akisubiri kiti chake cha kuzunguka kiletwe kutoka ofisini. Alieleza kwamba viti vya plastiki vinamuumiza mgongo. Wajumbe wengine, wenye migongo ya kawaida, walikuwa wameshakaa kwenye viti vya plastiki.

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kuacha shughuli zao. Alikumbusha kwamba chama hiki kimejengwa kwa jasho, na kwamba yeye binafsi hatakubali kifungwe na serikali kwa sababu ya huruma za watu wawili. Katibu aliuliza kama hapo Mwenyekiti alikuwa bado anafungua kikao au ameshaanza kutoa hukumu. Mwenyekiti alijitia hamnazo.

Ajenda ilikuwa moja tu: silaha za mwanachama mmoja zilizokutwa kwa mwanachama mwingine, na hatari ya kisheria inayokikabili chama.

KUMB. NA. 2/DHARURA: KUHUSU KUTOTAJA JINA

Kwa faida ya watakaosoma kumbukumbu hizi baadaye, ni lazima utaratibu mmoja wa chama hiki uelezwe. Kifungu cha kumi na nne cha katiba kinasema mwanachama ambaye mambo yake yanajadiliwa asitajwe jina wala kuelekezewa swali, bali aitwe "Mwanachama Husika". Kifungu hicho kilitungwa baada ya wanachama wawili kukunjana mashati mbele ya wageni, na wakati huo kilionekana cha busara.

Mwanachama Husika alikuwa ndani ya chumba. Alikuwa ni Daktari wa Mifugo, aliyekaa kati ya Mwokaji na dirisha, chini ya picha yake mwenyewe akiwa amebeba kombe. Kila mjumbe alilijua hilo. Hata hivyo kila aliposema "Mwanachama Husika" mjumbe alitazama feni, au meza, au kucha zake.

Katibu alipendekeza kifungu kiwekwe kando kwa siku hiyo, na Daktari aulizwe tu hali yake, kama watu wanavyoulizana. Mwanasheria alisema kumuuliza ni sawa na kumtaja. Mweka Hazina aliunga mkono, akaongeza kwamba utaratibu ndio unaotutofautisha na genge la wahuni. Kwa hiyo kamati ilitumia mchana mzima kumjadili mtu aliyekuwa akiimiminia chai.

KUMB. NA. 3/DHARURA: JINSI SILAHA ZILIVYOKUTWA

Mweka Hazina alieleza kwamba mke wa Mwokaji aliingia stoo ya duka la mikate kuchukua unga, akasogeza gunia, akakutana uso kwa uso na bunduki mbili na bastola moja zilizofungwa ndani ya aproni. Risasi zilikuwa ndani ya kopo la hamira. Mama huyo alimweleza mke wa Mweka Hazina jambo hilo kama siri, na mke wa Mweka Hazina akalitunza kama anavyotunza siri zote, ndiyo maana kamati ikaweza kuitwa haraka hivi.

Mwokaji alitakiwa kujieleza. Alisema yeye na Mwanachama Husika wamekua pamoja tangu darasa la kwanza, na watoto wake humwita Mwanachama Husika baba mkubwa. Tangu msimu wa mvua aliona rafiki yake anaishiwa na hamu ya kila kitu. Zahanati ya mifugo ilikuwa inafunguliwa saa nne, kisha saa sita, kisha haikufunguliwa kabisa. Ndevu ziliachwa. Uwanjani hakuonekana tena, naye ndiye mlenga shabaha bora tuliyewahi kuwa naye.

Siku moja asubuhi Mwanachama Husika alifika dukani na mbwa wake, yule wa kahawia aliyemfanyia upasuaji kwa mikono yake mwenyewe, akasema anawapa watoto. Mwokaji alisema hapo alijua kuna jambo, kwa sababu mtu yule asingempa mtu mbwa yule hata kwa kuazima. Alimuuliza jambo moja tu: na bunduki je? Mwanachama Husika aliondoka, akarudi nazo ndani ya mfuko wa vifaa vyake vya kazi.

Mwokaji aliendelea kwamba kesho yake alimpeleka hospitali, na daktari wa huko akasema ugonjwa huo unaitwa sonona. Alipewa dawa na siku za kurudi, na Mwokaji akaambiwa asiache silaha ziwe karibu na mgonjwa kwa sasa. Tangu hapo Mwanachama Husika huenda dukani kila asubuhi kukanda unga, kwa sababu asubuhi ndiyo inayomwia nzito kuliko saa nyingine zote, na unga hauna maswali.

Mweka Hazina alisema, kwa heshima zote, haelewi huzuni hiyo inatoka wapi. Mtu ana nyumba, ana gari, watoto wamesoma, anasononeka nini? Alisema maradhi hayo ni ya watu wenye nafasi. Katibu aliomba iwekwe kwenye kumbukumbu kwamba Mweka Hazina mwenyewe, alipoukosa uenyekiti katika uchaguzi uliopita, alijifungia chumbani wiki nzima na kituo cha mafuta kikaendeshwa na shemeji yake. Mweka Hazina alisema ile ilikuwa malaria.

KUMB. NA. 4/DHARURA: MAONI YA MWANASHERIA

Mwanasheria aliombwa kuifafanulia kamati hali ilivyo kisheria. Alivaa miwani, akavua, akavaa tena.

Alisema leseni ya silaha ni ya mtu na silaha yake, na inataja mahali silaha hiyo inapolala. Mwokaji ana leseni ya bunduki yake mwenyewe, lakini hiyo haimruhusu kulaza bunduki ya mtu mwingine hata usiku mmoja, hata kwa nia njema, hata mwenyewe akiwa amemkabidhi kwa mkono wake. Kwa hilo anaweza kufungwa. Aliyemkabidhi naye ana kosa la kumkabidhi. Zaidi ya hapo, mwenye silaha akizidai na Mwokaji akakataa kuzitoa, hilo linaweza kuwa shauri jingine, la kuzuia mali ya mtu.

Mwokaji aliuliza: je, akizirudisha huku akijua hali ya mwenyewe, na likatokea la kutokea? Mwanasheria alisema inategemea. Mwokaji aliuliza inategemea nini. Mwanasheria alisema hilo nalo linategemea. Katibu aliacha kulihesabu neno hilo vilipoisha vidole vya mikono yote miwili.

"Kwa hiyo nikikaa nazo nafungwa," alisema Mwokaji, "nikizirudisha nazika."

Mwanasheria alisema hajawahi kusikia mteja akifupisha jambo vizuri namna hiyo.

Mtunza Ghala aliomba kuzungumza. Alisema yeye ni mtu wa gereza, hajui maneno mengi, lakini kutoka alipokaa anauona mlango wa ghala la chama. Ghala lina kibali cha kuhifadhi silaha za wanachama. Mwenye silaha akizileta mwenyewe, akakabidhi, hakuna kosa kwa mtu yeyote. Aliuliza kwa nini kamati inazunguka jambo lililo mlango wa pili.

Mwenyekiti alimshukuru kwa mchango wake, kisha akamsomea kifungu cha tisa. Kifungu hicho kinaruhusu ghala kupokea silaha ya mwanachama kwa sababu tatu tu: mwenyewe kuwa safarini, nyumba yake kuwa katika ukarabati, au mwenyewe kufariki. Sonona haimo. Aliongeza kwamba tukianza kupokea silaha za watu kwa sababu za kichwani, polisi watakuja kuvichunguza vichwa vya sisi sote.

Mtunza Ghala alifikiri kidogo.

"Kwa hiyo tusubiri sababu ya tatu?" aliuliza.

Daktari alimuongezea chai.

KUMB. NA. 5/DHARURA: HOJA NA KURA

Mweka Hazina alitoa hoja kwamba Mwokaji aamriwe kuzirudisha silaha zote nyumbani kwa mwenyewe kabla jua halijazama, ili kukata mzizi wa fitina, na kwamba kumbukumbu zioneshe kamati haikuwahi kulijua jambo hili. Alisema mashindano ya mwaka yamekaribia na wageni waheshimiwa wameshaalikwa.

Katibu aliuliza ataandikaje kwamba kamati haikulijua jambo, ndani ya kumbukumbu za kikao kilichoitishwa kulijadili. Mwenyekiti alimtaka atumie hekima ya taaluma yake. Katibu alisema taaluma yake ni kufundisha watoto kusoma na kuandika, na watoto hao hufundishwa kwanza kutosema uongo.

Mwokaji alisema hatazirudisha. Alisema hivyo akiwa amekaa, bila kupandisha sauti, na Mwenyekiti alimuuliza kama anajua maana ya kukaidi kamati. Mwokaji alisema anajua, na anajua pia maana ya kulala usiku ukisikiliza simu. Mwenyekiti alisema hizo ni hisia, na hapa si mahali pake.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Waliounga mkono hoja ni Mwenyekiti na Mweka Hazina. Waliopinga ni Mwokaji na Mtunza Ghala. Mwanasheria hakuunga wala hakupinga. Alisema ana mgongano wa maslahi, bila kueleza ni maslahi gani yaligongana na yapi. Daktari hakunyoosha mkono. Mikono yake yote ilikuwa kwenye chupa ya chai.

Kwa kuwa kura zililingana, Mwenyekiti alitangaza kwamba atatumia kura yake ya pili, ile ya uamuzi, kuipitisha hoja. Hapo ndipo Daktari aliponyoosha mkono.

Mwenyekiti alisema kura imefungwa. Katibu alisema katika chama hiki kura hufungwa pale Katibu anapoandika matokeo, na Katibu alikuwa bado anachonga penseli. Aliendelea kuichonga.

KUMB. NA. 6/DHARURA: MAELEZO YA DAKTARI

Daktari alisimama. Mwenyekiti alimkumbusha kifungu cha kumi na nne. Daktari alisema kifungu kinawakataza wengine kumtaja, hakimkatazi yeye kujitaja. Mwanasheria alithibitisha kwamba ni kweli, na hakusema inategemea.

"Mwanachama Husika ni mimi," Daktari alisema. "Mnanijua wote. Mweka Hazina, ndama wako alipokwama tumboni ulinipigia mimi, ukaniita kwa jina, tena ukilia."

Mweka Hazina alitazama feni.

Daktari alisema hakuja kuomba kuhurumiwa, na kwamba ataomba radhi kwa Mwokaji peke yake, kwa kumtia hatarini na kumfanya agombane na mke wake. Kisha alisema maneno yafuatayo, ambayo Katibu ameyaandika yalivyo.

"Asubuhi ile nilipompelekea mbwa, mimi nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa nagawa vitu. Yeye akaniuliza na bunduki je. Hakuniuliza kwa nini, hakunipa nasaha. Nikarudi nyumbani kuzileta kwa sababu kwa ule muda mfupi nilikuwa na akili ya kuzileta. Akili hiyo inakuja na kuondoka. Leo ninayo. Kesho sijui. Mkizirudisha nyumbani kwangu hamnirudishii mimi huyu mnayemwona. Mnamrudishia yule wa kesho."

Mtunza Ghala alivua kofia.

Mweka Hazina, baada ya kukohoa, alisema anasikitika, lakini bado anajiuliza kwa nini Daktari hakufuata utaratibu tangu mwanzo. Mtu mwenye shida ya silaha, alisema, anamwona Mwenyekiti kwanza. Angekwenda kwa Mwenyekiti, yote haya yasingetokea.

"Nilikwenda," alisema Daktari.

Alieleza kwamba siku moja kabla ya kumtoa mbwa, alimfuata Mwenyekiti kwenye jengo analojenga, akapanda hadi ghorofa ya tatu ambako mafundi walikuwa wakimwaga zege. Alimwomba ghala limpokelee silaha zake. Alimwambia sababu, yote, hata sehemu ambazo hajamwambia Mwokaji. Mwenyekiti alimtajia kifungu cha tisa. Kisha alimshika bega, akamwambia, "Jikaze, bwana, wewe ni mwanamume," akageukia zege lake.

Mwenyekiti alisema hakumbuki jambo hilo. Baada ya muda alisema analikumbuka, ila alidhani ni utani. Baadaye tena alisema mashine ya kuchanganyia zege ilikuwa inapiga kelele na hakusikia vizuri. Katibu ameandika maelezo yote matatu kwa mpangilio yalivyotolewa.

Mwenyekiti aliomba aya iliyotangulia ifutwe kwa kuwa haihusiani na ajenda. Katibu alikataa. Mwenyekiti aliuliza kama Katibu ana jambo binafsi dhidi yake. Katibu alisema hapana, alikuwa hana, hadi dakika chache zilizopita.

Daktari alipiga kura ya kupinga hoja. Penseli ikawa imechongeka. Katibu aliandika matokeo: waliounga mkono wawili, waliopinga watatu. Hoja ya kurudisha silaha ilianguka.

KUMB. NA. 7/DHARURA: KUFUNGULIWA KWA GHALA

Daktari aliomba silaha zake zipokelewe ghalani siku hiyohiyo, na sababu iandikwe ugonjwa.

Mwanasheria alimtahadharisha. Alisema neno hilo likiandikwa, leseni yake itaitwa kuangaliwa upya, na kwa uzoefu wake leseni ikiitwa hivyo hairudi. Alisema zipo namna nyingine za kuandika. Mtu anaweza kuwa safarini.

Daktari alisema kusema uongo ndiko kulikomfikisha hapa, kila aliyemuuliza hali alimjibu nzuri. Kuhusu leseni alisema waichukue. Mwanasheria alimkumbusha kwamba yeye ni bingwa wa chama, na akamwelekeza kwenye picha ya kombe iliyo ukutani. Daktari hakugeuka kuitazama.

"Nataka kuwepo," alisema. "Bunduki si lazima."

Hapo Mwanasheria alivua miwani na hakuivaa tena hadi mwisho wa kikao. Alisema Jumatatu atakwenda polisi pamoja na Daktari na Mwokaji kulieleza jambo lote wenyewe, kabla halijaelezwa na watu wengine, huku akimtazama Mweka Hazina. Alisema hawezi kumwahidi Mwokaji kwamba hatashtakiwa. Kosa lilifanyika na haliwezi kufutwa. Lakini mtu anayejipeleka mwenyewe, na silaha zikiwa zimeshafika panapostahili, hatazamwi kama aliyekamatwa akizificha. Mwokaji alisema hilo linamtosha.

Ikabaki kufungua. Ghala la chama hufunguliwa kwa funguo mbili kwa pamoja, mmoja wa Mtunza Ghala na mmoja wa Mwenyekiti. Mwenyekiti alisema anaelewa hisia za wajumbe, lakini kifungu cha tisa bado kipo, na hakiwezi kurekebishwa isipokuwa na mkutano mkuu, ambao uko mbali. Alisema mikono yake imefungwa.

Ufunguo wake ulikuwa mezani mbele yake, kwenye pete moja na ufunguo wa gari, karibu na simu. Wajumbe waliutazama. Mwenyekiti naye aliutazama, kana kwamba umewekwa na mtu mwingine.

Katibu hana kura, lakini mikono anayo. Alinyanyuka, akauchukua ufunguo, akampa Mtunza Ghala. Mwenyekiti aliuliza, "Mwalimu, unafanya nini?" Katibu alisema anafungua ghala, na angependa kuoneshwa kifungu kinachomkataza mwalimu mkuu kuokota ufunguo mezani. Mwanasheria alisema hakijui kifungu kama hicho. Mwenyekiti alisema hili litafika mkutano mkuu. Katibu alisema ataliandika yeye mwenyewe kwenye ajenda, kwa herufi kubwa.

Daktari, Mwokaji, Mtunza Ghala na Katibu walikwenda duka la mikate kwa gari la Mwanasheria, mwenyewe akiendesha. Mke wa Mwokaji alikuwa kwenye kaunta. Alimwona Daktari, akatoka nyuma ya kaunta, akamshika mikono yote miwili, akamwambia, "Shemeji, nilipiga kelele kwa woga tu, nisamehe," na kwenda kuwafungulia stoo mwenyewe. Kwa kuwa sheria inamtaka mwenye silaha azibebe yeye, Daktari alizibeba yeye. Mtunza Ghala alibeba kopo la hamira lenye risasi na hakumpa mtu mwingine hata alipoinama kufunga viatu. Mwokaji alitembea upande wa kulia wa Daktari na Katibu upande wa kushoto, kutoka stoo hadi garini, na kutoka garini hadi ghalani.

Mtunza Ghala alizipokea silaha, akalalamika kwamba unga umeingia kwenye mitutu na mwokaji hajui kutunza kitu cha watu, akazifuta moja baada ya nyingine kwa kitambaa chake mwenyewe. Funguo zote mbili zilizungushwa. Daktari alisubiri nje ya mlango wa chuma mpaka aliposikia kitasa. Kisha aliketi kwenye ngazi akalia kwa muda mrefu. Mwokaji aliketi kando yake. Mtunza Ghala alisimama mbele yao akiwa amewapa mgongo, ili wapita njia wasione.

Jambo hili limeandikwa kwa kuwa lilitokea wakati kikao bado hakijafungwa.

KUMB. NA. 8/DHARURA: KUFUNGA KIKAO

Wajumbe waliporudi chumbani waliwakuta Mwenyekiti na Mweka Hazina wakijadili rangi ya bango la mashindano. Mwenyekiti aliuliza kama yamekwisha. Aliambiwa yamekwisha kwa leo. Alirudishiwa ufunguo wake, akauhesabu pamoja na ule wa gari.

Kikao kilifungwa saa kumi na moja na nusu jioni. Vikombe vilioshwa na Mwanasheria, jambo ambalo halijawahi kutokea.

MAELEZO YALIYOONGEZWA SIKU YA KUSAINI

Mwenyekiti alifika shuleni kwa Katibu wiki iliyofuata kusaini kumbukumbu hizi. Alizisoma zote akiwa amesimama. Hakuomba kitu kifutwe. Aliomba sentensi moja iongezwe mwishoni: "Mwenyekiti alimpa Daktari pole kwa niaba ya kamati."

Katibu alisema sentensi hiyo haiwezi kuongezwa kwa sababu pole hiyo haikutolewa. Mwenyekiti alisema alikuwa nayo moyoni. Katibu alisema kumbukumbu huandika yaliyosemwa. Alimweleza kwamba Daktari yupo duka la mikate kila siku asubuhi, si mbali, na kwamba mtu akienda akaisema, sentensi itaongezwa siku hiyohiyo kwa wino mzuri. Mwenyekiti alisema sawa, atakwenda.

Alikwenda kweli. Mwokaji amethibitisha kwamba kesho yake asubuhi Mwenyekiti aliingia dukani, akapita hadi nyuma kwenye meza ya kukandia, akasimama mbele ya Daktari aliyekuwa na unga hadi kwenye viwiko. Daktari alimwamkia na kumuuliza habari za nyumbani. Mwenyekiti alisema nzuri. Alifungua mdomo, akaufunga. Halafu aliuliza kama mikate ni ya leo, akanunua miwili, akaondoka.

Sentensi haikuongezwa.

Imesainiwa:

Mwenyekiti: (amesaini)

Katibu: (amesaini)